Digrii ya uhandisi wa jumla: uzoefu wangu, na lile swali la "mhandisi wa nini?"

Nilimaliza kidato cha sita na PCM (fizikia, kemia na hisabati) yangu nzuri tu, ila ukiniuliza nataka uhandisi gani, sikuwa na jibu. Wenzangu waliomba vyuo vya hapa nyumbani, ambako unachagua fani tangu kwenye fomu: ujenzi, umeme, mitambo, kemikali. Mimi nikapata ufadhili wa Uingereza, nikasoma digrii inayoitwa Engineering, basi, bila neno jingine mbele wala nyuma. Oxford na Cambridge wanafundisha hivyo, miaka miwili ya mwanzo wote mnasoma pamoja ndipo mtu anachagua njia yake. Chuo changu si hivyo viwili, lakini mtindo ni uleule.

Mwaka wa kwanza nilikoma. Asubuhi boriti inayopinda, mchana saketi, kesho yake joto na mvuke, keshokutwa kuandika programu. Huwezi kukwepa kitu kwa kisingizio cha "mimi mtu wa umeme".

Faida yake niliiona kazini, kwenye mradi wa maji. Pampu ilikuwa inazima kila baada ya dakika kama kumi, ovalodi (swichi inayolinda mota isizidiwe) inakata. Fundi umeme anasema pampu imekwama, fundi pampu anasema mota imeungua. Mota ni ya kilowati 11, kibao chake kinasema ampea 21. Tukapima, inakula 25. Nikauliza maji yanakwenda wapi siku hizi. Kumbe tangi la mlimani lilikuwa linavuja, wakayageuzia kwenye tangi la chini. Kila mtu alidhani pampu imepunguziwa mzigo. Pampu ya aina ile, ya centrifugal (inayosukuma maji kwa gurudumu linalozunguka), haiko hivyo: ukiipunguzia mwinuko inatoa maji mengi zaidi, na mota inabeba maji yote hayo. Nikabana valvu ya kutokea taratibu huku fundi umeme akisoma mita: 24, 22, 20. Haikukata tena. Ilikuwa hesabu ya mwaka wa pili, ya maji na ya mota kwa pamoja, na sidhani ningeiona haraka vile kama ningesoma upande mmoja tu.

Sasa machungu. Brosha ya chuo iliahidi kwamba mwaka wa tatu utachanganya masomo upendavyo. Ratiba ikaja na lake: zege na mashine za umeme viliwekwa saa ileile, siku ileile. Nikaacha zege. Leo mchoro wa msingi wa tangi ukija mezani, naupeleka kwa mwenzangu wa ujenzi, anaumaliza kabla chai haijapoa. Tena yeye na wenzake waliobaki Dar walikwenda PT (mazoezi ya kazi) mwaka baada ya mwaka, wameshika spana na kupigiwa kelele na mafundi. Mimi likizo zangu nilikuwa nabeba sahani mgahawani, maana kozi yangu haikulazimisha mazoezi ya kazi.

Halafu usaili. Tangazo linataka mhandisi wa mitambo au wa umeme, cheti chako kinasema Engineering. "Sasa wewe ni mhandisi wa nini?" Nimeulizwa mara tatu. Mara ya tatu nilikwenda na orodha ya masomo yangu yote, nimepigia mstari yanayohusika, wakanielewa. Ukiweza, tafuta MEng (digrii ya uhandisi inayofika ngazi ya uzamili) ya miaka 4 iliyopitishwa na chama cha wahandisi zaidi ya kimoja, mfano vya Uingereza: IMechE cha mitambo na IET cha umeme. Hapo walau una karatasi ya kuonyesha pande zote mbili.

Naipa 4 kati ya 5. Ile moja nimeikata kwa sababu ya ratiba.

Mdogo wangu yuko kidato cha sita, PCM vilevile, naye anataka kunifuata. Ameshanitumia brosha tatu. Nimemwambia aviandikie vyuo viwili anavyovipenda, aombe ratiba ya mwaka wa tatu ya mwaka huu, saa kwa saa. Kimoja kimejibu.