Shure SM58: uzoefu wangu jukwaani na chumbani

Kama unaanza na mfukoni una fedha ya maiki moja tu, nunua hii. Nimeitumia kwenye bendi, kanisani, kwenye harusi na kurekodi nyumbani. Malalamiko mengi ninayoyasikia juu yake, kwamba haina sauti, inapiga mluzi au inanguruma, chanzo chake ni waya, geini (kiasi cha kukuza sauti inayoingia) au mkono ulioishika. Maiki yenyewe iko sokoni tangu 1966 na haina mafumbo.

Kwenye boksi unakuta maiki, kishikio cha stendi na mfuko wa zipu. Toleo la LC haliji na waya, kwa hiyo hesabu gharama yake mapema. Lipo pia toleo lenye swichi. Kwa MC wa harusi swichi inafaa. Kwa kwaya ikwepe: mwimbaji ataizima bila kujua, na fundi mitambo atabaki anahangaika na waya usio na kosa. Ukinunua stendi, tazama uzi wa skrubu, maana kuna za inchi 3/8 na za inchi 5/8. Kile kipete kidogo cha kuoanisha saizi hizo mbili hupotea haraka kuliko kitu chochote jukwaani. Nunua vitatu.

Sasa waya, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Plagi ya XLR ina pini tatu: ya 1 ni ya kinga, ya 2 na ya 3 zinabeba sauti ileile, moja ikiwa imegeuzwa. Kelele inayoingia njiani huzipata zote mbili sawasawa, na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) inapochukua tofauti kati yao, kelele inajifuta. Ule waya wenye XLR upande mmoja na jeki ya milimita 6.35 upande wa pili, unaokuja na maiki za karaoke, umeunganisha pini ya 3 na ya 1, kwa hiyo kelele haijifuti. Kwa mita 3 mpaka 5 kwenye spika ya kuchaji utavumilia. Vuta mita 10 sambamba na nyaya za taa au za jenereta, utasikia mngurumo mpaka watu waanze kugeuka. Nunua XLR kwa XLR, mita 6 kwa jukwaa dogo, na mmoja wa akiba. Usiukunje kwa kuuzungusha kwenye kiwiko. Nyuzi za ndani hukatika taratibu, mara nyingi karibu kabisa na plagi.

Kuhusu "haina sauti": ni kweli inatoa umeme mdogo, milivolti 1.85 kwa paskali moja (kipimo cha msukumo wa sauti). Maiki nyingi za kondensa, aina inayohitaji umeme ili ifanye kazi, hutoa 10 hadi 20, yaani disibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 15 mpaka 20 zaidi. Kwa hiyo usishangae kitufe cha geini kikienda mbali kuliko ulivyozoea. Ninavyopanga mimi ni hivi: geini chini kabisa, feda (kitelezi cha sauti) kwenye sifuri, halafu mwimbaji aimbe sehemu yake yenye nguvu kuliko zote. Ile "helo helo, moja mbili" haikuambii chochote, kwa sababu hakuna anayeimba kibwagizo kwa sauti hiyo. Pandisha geini mpaka mita icheze karibu na sifuri bila taa nyekundu kuwaka, kisha irudishe kidogo. Kwenye kompyuta lenga vilele vya disibeli -12 hadi -10.

Kwa kadi ya sauti, kile kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta, tazama tarakimu ya geini kabla ya rangi ya boksi. Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu ina disibeli 56, inatosha kwa mwimbaji. Kwa msimulizi mwenye sauti ya chini utaisukuma hadi mwisho na kusikia mchacharizo nyuma. Kizazi cha nne kina 69, na shida hiyo inaisha. Vipo visanduku vya kuongeza nguvu kama Cloudlifter, vinavyotoa hadi disibeli 25 na kuhitaji volti 48 kutoka kwenye mikisa. Kabla hujatoa fedha, sogeza mdomo. Kutoka sentimita 20 hadi 5 unapata kama disibeli 12 bure. Maiki yenyewe haihitaji volti 48. Zikiwa zimewashwa na waya wa XLR ni mzima, hazitaidhuru. Kwa waya wa jeki zizime.

Kusogea huko kuna bei: besi inavimba. Waliobuni SM58 walilijua hilo, ndiyo maana wameipunguza besi ya chini na kuinua kidogo eneo la kilohezi 4 hadi 6, panapokaa matamshi. Sauti ya kiume naikata chini ya Hz 100, ya kike chini ya 120, na mara nyingi sigusi kitu kingine kwenye ikwalaiza.

Mluzi. SM58 inasikia mbele na kupuuza nyuma, nyuma kabisa, mkiani panapoingia waya. Monita, ile spika ya kumrudishia mwimbaji sauti yake, iwekwe huko, ikitazama mkia wa maiki. (Ukihamia Beta 58A, maiki nyingine ya Shure, monita iende pembeni kidogo, kama digrii 120 kutoka mbele, nyuma kabisa nayo inasikia.) Spika kubwa zikae mbele ya waimbaji, kamwe si mgongoni kwao. Halafu mkono: ule mtindo wa kukumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja unaziba matundu yanayoifanya ipuuze nyuma. Dakika hiyo inaanza kusikia pande zote, na mluzi haukawii. Shika mpini.

Idadi nayo inahesabika. Kila ukizidisha mara mbili maiki zilizo wazi, unapoteza disibeli 3 za nafasi kabla ya mluzi. Maiki nane wazi na wanaoimba ni wawili? Zima sita. Na kwaya ya watu ishirini mbele ya SM58 mbili zilizosimama mita moja na nusu ni kuionea maiki: ukipandisha geini wasikike, mitambo italia kabla ya wao kusikika. Kwa kazi hiyo tafuta kondensa ndogo. Kama huna, weka moja kwa watu watatu waliosogeleana, sentimita 30 kutoka midomoni, na umbali kati ya maiki na maiki uwe mara tatu ya huo.

Chumbani inafaa kuliko watu wanavyodhani, hasa nyumba ya bati yenye vigae chini na jogoo wa jirani. Haina uchawi wa kufuta kelele. Unaimbia karibu, basi sauti yako inazidi ya chumba. Tundika blanketi zito nyuma yako, kwa sababu mbele ya maiki ndiko kunakosikika. Herufi "p" na "b" zikipuliza, hamisha maiki kidogo pembeni ya mdomo na uielekeze mdomoni. Sponji ya ndani haitoshi. Kwa gitaa lisilo la umeme, nai au marimba sitaichagua: inakomea Hz 15,000 na ule mng'ao wa juu haufiki.

Bandia zimejaa, na kwa sura tu nyingi huwezi kuzitofautisha. Bei ya kawaida ya halisi Marekani ni karibu dola 100. Ukiuziwa kwa robo ya hiyo "mpya, kwenye boksi", jibu unalo. Pima uzito: halisi ni gramu 298, kwa sehemu ni kwa sababu mpinini kuna transfoma ambayo bandia nyingi hazina. Lakini wengine hutia kipande cha chuma, kwa hiyo usiishie kwenye mizani. Itikise, isigonge ndani. Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha masikio: iunganishe palepale dukani, ongea mbele, kisha igeuze uongee mkiani kwa umbali uleule. Halisi inashuka waziwazi. Muuzaji akikataa kuijaribu, ondoka.

Usafi ni kazi ya dakika kumi. Fungua kichwa kwa kukizungusha kinyume cha saa, mpini ukitazama juu ili uchafu usidondokee kwenye kapsuli, yaani kiini kinachonasa sauti. Kichwa pekee, pamoja na sponji yake, kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ukisugua kwa mswaki laini. Wavu ukibonyea, usukume kutoka ndani kwa mpini wa kijiko. Kiache kikauke usiku kucha kabla ya kukirudisha. Sponji yenye maji hufanya sauti itoke kama ya mtu aliyejifunika shuka.