Uzoefu wangu na treni ya St Kitts: kaa upande wa mlima

Treni ya kitalii ya St Kitts, kisiwa cha Karibi, yaani St Kitts Scenic Railway, huuzwa kwa mandhari ya bahari. Mandhari hiyo ipo, na inapendeza kweli. Lakini kwa anayetaka kuelewa kisiwa hiki kimeishije tangu utumwa ulipokomeshwa, hii ndiyo huduma ninayoipendekeza kabla ya nyingine yoyote, mradi apande akijua anaangalia nini. Reli hii haikujengwa kwa ajili ya wageni. Ilitandazwa kati ya 1912 na 1926 ili kubeba miwa, na ikaibeba hadi 2005.

Kwanza mambo ya safari. Mzunguko mzima ni kama kilomita 48: takriban 29 kwa treni, kati ya stesheni ya Needsmust iliyo jirani na uwanja wa ndege na La Vallee kaskazini-magharibi, na 19 zilizobaki kwa basi. Tenga saa tatu, mbili kati yake zikiwa za treni. Baadhi ya makundi huanza kwa basi na kumalizia kwa treni, hivyo uliza wakati wa kukata tiketi, kwa sababu jibu ndilo litakaloamua ukae wapi. Ratiba hufuata meli za watalii zinazotia nanga Basseterre, mji mkuu. Anayekuja kwa ndege na kuchagua siku isiyo na meli anaweza kukosa treni kabisa. Panga siku ya treni kwanza, mengine yafuate.

Kila abiria ana nafasi mbili: chini kuna kiyoyozi na madirisha makubwa, juu kuna paa lakini pembeni ni wazi. Kaa juu. Njia yenyewe ina upana wa milimita 762 tu, na behewa ni la ghorofa, ndiyo maana treni huenda polepole na huyumba. Mwenye kusumbuliwa na kichefuchefu ateremke chini mapema, asingoje hadi hali imzidi. Upepo wa Atlantiki hubeba kofia isiyo na kamba. Vinywaji hutolewa njiani, vikiwemo vya ramu, na kuna waimbaji. Hayo sina haja ya kuyaeleza zaidi.

Sasa kiti. Ukianzia Needsmust, bahari iko kulia na mlima kushoto. Ukianzia La Vallee ni kinyume chake. Wengi hukimbilia upande wa bahari. Mimi nasema kaa upande wa mlima.

Utaona vijiji vimebanwa kando ya barabara ya pwani na kwenye makorongo, na juu yake mteremko mpana unaopanda hadi kwenye msitu wa Mlima Liamuiga, wenye mita 1,156. Mteremko huo ndio unaoeleza kwa nini uhuru wa hapa ulikuja nusunusu. Tarehe 1 Agosti 1834 sheria ya Uingereza ilifuta utumwa, lakini watu wa mashambani wakawekwa chini ya kilichoitwa uanagenzi: kumfanyia kazi bwana yuleyule hadi saa 45 kwa wiki bila ujira. St Kitts walikataa. Waligoma kurudi shambani bila malipo, wengine wakakimbilia milimani, na serikali ikatangaza sheria ya kijeshi. Uanagenzi ulifutwa miaka minne baadaye. Fidia ya pauni milioni 20 iliyotengwa kwa makoloni ililipwa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupata kitu. Waingereza waliirudia kanuni hiyohiyo Zanzibar mwaka 1897, kwa hiyo msomaji wa pwani yetu hatakuwa mgeni wa habari hii. Palipokuwa na ardhi ya ziada, kama Jamaika, walioachwa huru walijianzishia vijiji na mashamba yao. Hapa, kwenye kilomita za mraba 168, karibu ardhi yote nzuri ilikuwa ya miwa. Aliyetaka ujira bora aliabiri kwenda Trinidad au Guyana. Aliyebaki alirudi kwenye jembe na panga la tajiri yuleyule.

Tafuta kwa macho mabaki ya vinu vya upepo na dohani za mawe. Zamani kila shamba lilisaga na kuchemsha miwa yake lenyewe na kutoa sukari guru. Ulaya ilipojaa sukari ya viazisukari, bei ilianguka, na tume ya Uingereza ya 1897 ikashauri viwanda vya pamoja. Cha St Kitts kilianza kazi 1912, nje kidogo ya Basseterre. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, na ukilala siku kadhaa kiwanda hukamua hasara. Kwa hiyo reli ilibidi iyafikie mashamba yote, na mzigo wote wa kisiwa ukawa unaishia kwenye mlango mmoja.

Kwangu hiki ndicho kiini cha safari nzima. Mpango uliowaokoa wenye mashamba uliwapa pia wafanyakazi mahali pa kuwabana. Januari 1935, mwanzoni mwa mavuno, wakata miwa walikataa ujira waliotangaziwa. Kwenye shamba la Buckley's polisi walifyatua risasi na watu watatu wakafa. Machafuko yakafuata Trinidad na Barbados 1937, na Jamaika 1938, hadi Uingereza ikatuma tume ya uchunguzi, Tume ya Moyne. Mwaka 1940 chama cha wafanyakazi kikaundwa St Kitts. Robert Bradshaw, aliyejifunzia ufundi katika karakana ya kiwanda hichohicho cha sukari, akawa rais wake 1944. Mgomo wa 1948 ulidumu wiki 13. Uchaguzi wa kwanza wa watu wazima wote ulifanyika 1952, na chama chake cha siasa, Labour, kikashinda. Serikali yake ikachukua mashamba 1975 na kiwanda mwaka uliofuata. Uwanja wa ndege unaouona karibu na Needsmust una jina la Bradshaw.

Tatizo ni kwamba dirisha la treni linaonyesha upande mmoja tu wa taifa. Kisiwa cha Anguilla, kilichounganishwa kiutawala na St Kitts na kisiwa jirani cha Nevis, kilijitenga 1967 kwa kukataa kutawaliwa kutoka Basseterre. Nevis ilibaki, uhuru ukapatikana 19 Septemba 1983, lakini katika kura ya maoni ya 1998 karibu asilimia 62 ya wapiga kura wa Nevis walitaka kujitenga. Walizuiwa na sharti la theluthi mbili. Kiwanda nacho hakikupona kwa kumilikiwa na serikali. Gharama za kuzalisha zilipita bei ya soko, madeni yakarundikana, na 2005 kikafungwa. Treni ya watalii ilikuwa imeanza 2003, kwa hiyo kwa misimu michache reli moja ilibeba wageni na miwa. Majani unayoyaona leo mlimani yameota mahali palipokatwa miwa kwa zaidi ya miaka 300.

Ushauri wangu wa mpangilio: kabla ya kupanda, nenda Makumbusho ya Taifa kwenye jengo la zamani la Hazina, Basseterre, ili majina ya mashamba yasikupite bure. Usihesabu kuwa umeitembelea Brimstone Hill kwa kuiona ukiwa kwenye basi. Ngome hiyo, iliyojengwa na mikono ya watumwa na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia 1999, inahitaji safari yake na viatu vya kupandia mlima. Siku nyingine vuka kwa feri hadi Charlestown, chini ya saa moja, usikie Nevis wanavyoieleza historia hiyohiyo wakiwa upande wa pili wa mlango wa bahari.