Gereji ya Sae, Mbeya: hapa moshi wa gari ya zamani unapimwa kwa mashine

Wadau wa magari ya zamani Mbeya na jirani zetu wa Iringa na Njombe, kama una Landrover 109, Peugeot 504, Datsun pickup au Volkswagen ya enzi za mzee na inatoa moshi mpaka unaona aibu kupita mbele za watu, ipeleke kwa hawa vijana wa Sae. Nawapa nyota nne kati ya tano, ile moja iliyobaki ntasema kwa nini.

Gereji yenyewe ni uwanja tu wenye mabati, haina hata kibao kikubwa, ila wana kitu ambacho mimi sijakiona kwenye gereji zingine hapa mjini, mashine ya kupima gesi ya eksozi. Wanaingiza kamrija kwenye bomba la moshi injini ikiwa imepata moto, inasoma kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu, ni asilimia ngapi na petroli isiyoungua ni kiasi gani, halafu ndo wanashika bisibisi. Gereji nyingi tulizozoea fundi anasikiliza mlio, anazungusha skrubu ya kabureta mpaka injini itulie, anakwambia chukua gari mkuu iko poa, na kweli inatulia, ila imetulia kwa sababu inakunywa petroli kupita kiasi. Sikio halisikii kaboni monoksaidi na pua haiinusi, ndo maana inaua watu waliolala chumba chenye jiko la mkaa.

Yangu ni Landrover 109 Series III ya 1978, petroli, ile injini ya lita 2.25 yenye kabureta ya Zenith. Kipimo cha kwanza kaboni monoksaidi ilisoma asilimia 8 na kidogo ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Fundi mkuu, mzee wa Tukuyu ambaye ukimsalimia "ugonile" anafurahi sana, hakugusa skrubu kabisa, alifungua mfuniko wa kabureta akaniwekea rula juu ya uso wake nikaona mwanga unapita chini yake. Zenith zina ugonjwa huo, ule uso unapinda kwa joto na oringi ndogo iliyo ndani inakufa, petroli inapita njia ambayo haikupangiwa na hapo hata ukizungusha skrubu mpaka kesho gari itaendelea kutoa moshi mweusi. Akabandika msasa laini juu ya kioo, akausugua ule uso taratibu mpaka ukalala sawa, akaweka oringi mpya, akasafisha pointi, akapanga taimingi na tepeti (ile nafasi ndogo ya valvu), ndo wakapima tena, ikasoma 3. Sasa ni gari nyingine, naenda Tukuyu narudi na mafuta ambayo zamani yalikuwa yananiishia Kiwira wakati wa kurudi.

Halafu kuna suala la mwinuko, hili watu wengi hatulifikirii. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, ukipanda barabara ya Chunya kupita Kawetere unavuka 2,400, na hewa ya kwetu hapa mjini ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 15 hivi. Kabureta haina akili ya kujua hilo, inamwaga petroli kwa tundu lilelile lililopangwa kiwandani kwa watu wanaokaa usawa wa bahari, kwa hiyo gari iliyotengenezwa vizuri kabisa Dar ikipanda Kitonga na kufika huku inaanza kutoa moshi mweusi na plagi zinajaa masizi, mwenye gari anadhani injini imekufa anaambiwa apige ovahooli! Hawa wa Sae wanabadilisha jeti, kile kipande chenye tundu la kupitisha petroli, wanaweka yenye tundu dogo kidogo na ile ya zamani wanakukabidhi mkononi uihifadhi, ukishuka pwani unairudisha, maana ukikaa na jeti ndogo kwenye hewa nzito injini inaunguza mchanganyiko mkavu, hewa nyingi petroli kidogo, na valvu zinapata tabu. Hilo walinieleza bila mimi kuuliza.

Kitu kingine nilichowapendea ni ukweli. Kuna jamaa alikuja na Toyota Landcruiser BJ40 ya dizeli moshi wa bluu umejaa uwanja mzima, akataka wamtyunie kabla hajakutana na trafiki. Mzee akamwambia bluu ni oili, ringi zimekwisha, hapa hakuna skrubu ya kuzungusha, nenda kajipange na hela ya ovahooli urudi. Hakumchukulia hata senti. Mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo, bluu ni oili, mweupe usioisha hata injini ikipata moto ujue maji yanaingia kwenye silinda, kaangalie gasketi. Mtu akijua hayo tu haibiwi kirahisi.

Pia wanaangalia viti vya valvu, pale valvu inapokalia ikijifunga. Injini za zamani zilitegemea petroli yenye risasi kulinda viti, na risasi ilishaondolewa kwenye petroli za nchi zetu kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, jambo jema kabisa kwa akili za watoto wetu, ila hedi ya chuma ya zamani inabaki bila ule ulinzi. Ukiona tepeti zinajibana zenyewe kila baada ya muda mfupi ujue valvu inazama kwenye kiti. Wao wanatoa hedi wanaipeleka kwa fundi chonga, inawekwa ringi ngumu, tatizo limeisha.

Sasa kwa nini naandika marefu hivi kuhusu gereji. Ni kwa sababu upepo wa sheria za moshi unavuma na sisi wenye magari haya tusipojiweka sawa tutasombwa na takataka. Kenya hawaingizi gari iliyozidi miaka 8, Uganda 2018 walipiga marufuku kuingiza gari lenye miaka 15 na kuendelea, hapa kwetu gari dogo la kuagiza likizidi miaka 10 linapigwa ushuru wa uchakavu asilimia 30. Zote hizo zinahesabu umri wa gari, hazimuulizi mtu gari lake linatoa nini nyuma. Sisi tunayo Sheria ya Mazingira ya 2004 na kanuni za ubora wa hewa za 2007 ambazo zina viwango vya moshi wa magari, lakini barabarani ninachokiona mimi ni macho ya trafiki tu, na macho yanaona moshi mweusi wa lori likipanda Mlima Nyoka, kaboni monoksaidi hayaioni. Gari ya mwaka juzi iliyong'olewa katalisti, kile kifaa cha kusafisha gesi za eksozi, inapita inapigiwa saluti, 109 yangu inasimamishwa kwa sura.

Wenzetu walipita njia tofauti. London wana ukanda wao wa hewa safi ulioanza 2019, gari isiyofikia kiwango inalipa pauni 12.50 kwa siku, ila gari iliyofikisha miaka 40 na kusajiliwa kama ya kihistoria inasamehewa. Ujerumani ukifikisha miaka 30 na gari iko katika hali yake ya asili unapewa namba yenye herufi H na unaingia hata kwenye maeneo yaliyozuiwa. California gari za 1975 kurudi nyuma hazipimwi moshi kabisa. Kuna wadau wanataka na sisi tuombe msamaha kama huo, na hapo mimi sikubaliani nao. Kule gari ya zamani inatoka Jumapili kwenda maonesho inarudi kulala, huku kwetu Landrover ya zamani inabeba viazi kutoka Isyonje kila wiki na inapita Mwanjelwa katikati ya mama wanaouza nyanya na watoto wanaotoka shule. Huwezi kusamehe moshi huo kwa sababu gari ni nzuri. Mimi naomba tupimwe. Uingereza gari ya petroli ya umri wa yangu ikipelekwa kwenye ukaguzi, kiwango ni kaboni monoksaidi isizidi asilimia 4.5, ni kiwango kinachoendana na injini ilivyotengenezwa, na yangu ya Mbeya imekaa chini yake baada ya kusuguliwa kipande kimoja cha kabureta. Mkoa ukiwa na vituo vichache vya kupima, ukapewa karatasi, trafiki akaisoma karatasi badala ya kuangalia rangi ya gari, nani atalalamika?

Na hapa ndo ilipopotea ile nyota moja. Hawa vijana hawatoi karatasi. Wanakuonyesha namba kwenye mashine unapiga picha na simu basi, wakati wangeweza kuandika tarehe, namba ya gari na vipimo vya kabla na baada kwenye risiti ya kawaida tu, nimewaambia na mzee akasema atalifanyia kazi. Mashine yao pia inapima gari za petroli tu, dizeli bado wanakagua kwa kujaribu nozeli na kuangalia kwa macho. Na jeti wakikosa size yako utasubiri iagizwe, mimi nilisubiri mpaka nikakata tamaa kidogo.

Bei: kupima peke yake walinitoza elfu 15, kutyuni kabureta pamoja na pointi na tepeti elfu 80, spea unanunua mwenyewe au wanakutafutia kwa risiti. Masika uwanja unakuwa tope zito, gari isiyo na fowili kaiache pembeni ya lami wanakuja kuivuta. Nendeni asubuhi injini ikiwa ya baridi, mzee anapenda kuisikia inavyowaka mara ya kwanza, na beba gasketi ya kabureta yako maana za Peugeot huwa hawana. Jumapili wamefunga.