Mama katiwa dawa ya sikio moja kwa moja kutoka kwenye friji

Majuzi nilimpeleka mama kwenye zahanati moja ya kulipia hapa mjini, sikio lake la kushoto likitoa usaha. Mapokezi mazuri, daktari kamulika sikio, kasema ngoma haijatoboka, kaandika dawa ya matone. Mpaka hapo sina neno.

Kasheshe ikaanzia chumba cha sindano. Nesi katoa kichupa kwenye friji. Mikono hakunawa, usaha hakufuta. Mama kakaa kitini, kichwa kikasukumwa upande, ncha ya kichupa ikazamishwa mpaka kwenye usaha, dawa ikabinywa. Mara mama akashika ukingo wa meza: "Mwanangu, nyumba inazunguka." Akatapikia kanga yake. Nesi ananiambia, "Dada, dawa ni dawa, bibi anadeka tu."

Anadeka! Mtu mzima yule? Sawa, dawa nyingine hutunzwa kwenye friji. Lakini ikiingia sikioni na baridi yake inavuruga sehemu ya ndani inayoshika mizani ya mwili, na mtu anapata kizunguzungu. Kichupa hushikwa viganjani dakika chache kipate joto la mwili, basi. Viganja navyo vinanunuliwa?

Niseme haki: jioni, kwenye dozi ya pili, tulimkuta nesi mwingine, mama wa makamo. Alimpa mama pole kwanza. Kichupa cha asubuhi akakitupa, akachukua kipya, akakishika kiganjani huku akiongea naye. Akamlaza ubavu, sikio bovu juu, akafuta usaha kwa kitambaa safi alichokisokota. Akalivuta sikio juu na nyuma taratibu (mtoto mdogo huvutwa chini na nyuma, alinionyesha), matone yakateremka kwa pembeni ya tundu, ncha haikugusa popote. Akabonyeza kile kinyama cha mbele ya sikio, akamwacha alale kama dakika tano. Mama hata uso hakukunja.

Kwa nesi huyo nilikuwa tayari kuwaambia nendeni. Kisha keshia akanidai bei ya kichupa kipya. Uchafu wautie wao, hela nitoe mimi! Nimelipa, mama apone. Ila yule wa asubuhi bado yuko chumba kile kile, na watu wanampelekea watoto wachanga. Hapana, msiende. Kama hamna pengine, nendeni jioni, na kabla kichupa hakijafika sikioni kishikeni wenyewe. Kikiwa cha baridi, kataeni.