Kipimo cha damu iliyojificha: kizuri, ila maelekezo yake hayakijui choo cha Makorora

Naona watu wanaulizana kama hiki kipimo cha choo cha saratani ya utumbo mpana kina maana au ni biashara tu. Mimi nimekitumia. Nauza mbaazi na mahamri Makorora, Tanga, hamsini nimeshaivuka, na hukumu yangu ni hii: kifaa nyota nne, huduma nyota mbili.

Nilikinunua maabara moja mjini, jina naliacha. Bei yake haikufika nauli ya basi kwenda Dar. Ndani kuna kichupa chenye majimaji, kijiti chenye vijino kimeshikana na kifuniko, na kile kibao cheupe anachokijua kila aliyetobolewa kidole kupimwa malaria: mstari wa C unaoonyesha kipimo kinafanya kazi, na mstari wa T unaotokea damu ikipatikana. Kinatafuta damu ambayo jicho halioni. Ndani ya utumbo mpana huota vinyama, baadhi huvuja damu kidogo kidogo mwenyewe hasikii lolote. Vikiachwa, vingine hugeuka saratani, lakini mara nyingi huchukua miaka kama 10, kwa hiyo nafasi ya kuviwahi ipo. Na hakikukatazi nyama. Baadhi ya vipimo vya zamani vilikuwa haviwezi kutofautisha damu ya mtu na ya ng'ombe uliyemla jana. Hiki kinaitambua ya mtu tu.

Sasa kazi yenyewe. Karatasi ya maelekezo ni Kiingereza kitupu, na mchoro wake ni choo cha kukalia. Sisi wengine tunachuchumaa, kopo la maji pembeni, na kinyesi kikigusana na maji au mkojo, kimeharibika. Nikatumia akili yangu. Nilikojoa kwanza, nikakausha sinki la choo kwa tambara, nikatandika gazeti kuukuu tabaka tatu, nikajisaidia juu yake. Kutawaza baadaye, ukishamaliza kuchukua. Kijiti unakwangua juu juu sehemu kadhaa, si kuchota bonge. Kinachohitajika ni kile kinachonasa kwenye vijino tu. Unarudisha kijiti, unafunga, unatikisa. Gazeti likaenda kufukiwa, lisije likaziba choo. Kina mama, mkiwa kwenye siku zenu msipime, subirini ziishe. Na sampuli ipelekeni siku hiyo hiyo, maana joto huiharibu damu, na joto la Tanga mnalijua.

Dirishani pa maabara, pa kupokelea sampuli, ndipo nyota zilipoporomoka. Kijana aliinua kichupa, akapaza sauti: "Nani kaleta choo?" Benchi zima likageuka. Nikamjibu, "Mimi, mwanangu, kwani wewe huendi?" Watu wakacheka, naye akacheka, yakaisha. Lakini je, angekuwa mume wangu? Angeinuka akaondoka, na kupima kwake kungeishia pale.

Kubwa zaidi, hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Marehemu kaka yangu alitoka damu chooni, kila mtu akamwambia bawasiri, akanywa mizizi na kukalia maji ya moto muda mrefu sana. Alipofika Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, ugonjwa ulikuwa umeshapanda kwenye ini. Mtu wa ukoo kama wangu hakupaswa kuuziwa kichupa na kuambiwa "haya mama, karibu tena". Daktari niliyemwona baadaye, mahali pengine, ndiye aliyenieleza: aliyeuguliwa na ndugu wa tumbo moja kipimo cha choo hakimtoshi, anahitaji kamera ya kuingizwa njia ya haja kubwa, na ikikuta kinyama wanaweza kukikata hapo hapo. Na anayeona damu kwa macho yake asinunue hiki kabisa, aende kwa daktari moja kwa moja. Hiki ni cha asiyeona dalili.

Wazee mashabiki wa Coastal Union, timu yetu ya mpira hapa Tanga, kwenye kahawa wananiambia huu ni ugonjwa wa wazungu. Nikawauliza, Pelé, yule mchezaji mpira wa Brazil, alikuwa mzungu wa wapi? Alitolewa uvimbe kwenye utumbo mpana mwaka 2021, akafariki Desemba 2022. Wakanyamaza kidogo, halafu mmoja akasema Pelé alikuwa na miaka 82. Sawa, lakini Marekani mwaka huo huo wa 2021 walishusha umri wa kuanza kupima kutoka 50 hadi 45, kwa sababu walio chini ya miaka 50 wanazidi kuugua. Huyo mzee aliyesema ana wana wanne wamevuka arobaini.

Majibu yangu: mstari mmoja, wa C. Damu haikuonekana. Hilo ni jibu la mwaka huu, mwakani kinarudiwa. Kamera nimeshaandikiwa, nasubiri tarehe.

Mkienda, kabla hamjatoa hela ulizeni: mstari wa pili ukitokea, mnanipeleka wapi? Pale nilipopima mimi, yule kijana alimtazama mwenzake, mwenzake akatazama simu.