Asidi ipi ununue ili kutoa nakshi kwenye kisu cha waya wa winchi

Kisu kilichofuliwa kwa waya wa winchi, ile kamba ya nyuzi za chuma zilizosokotwa, kikitoka kwenye msasa huwezi kukitofautisha na kisu cha springi ya gari. Nakshi imo, ila haijitokezi mpaka asidi iule uso wa chuma kidogo. Hapo ndipo wengi hukimbilia asidi kali kuliko zote dukani, wakidhani ndiyo itakayotoa maua mazuri zaidi. Sivyo.

Damaski ya kawaida, yaani chuma cha nakshi, huunganishwa kwa vyuma viwili tofauti, na kimoja mara nyingi kina nikeli. Nikeli ni ngumu kuliwa, kwa hiyo inabaki inang'aa ubavuni mwa mwenzake mweusi. Waya wa winchi ni chuma kimoja tu chenye kaboni nyingi. Kinachochora ile nakshi ya magamba ni mipaka ya nyuzi: tanurini, ngozi ya kila uzi hupoteza kaboni kidogo, na mahali hapo asidi haileti weusi sawa na kwingine. Tofauti ni ndogo. Inataka kitu kinachokula polepole na kwa usawa.

1. Feri kloridi

Hii ndiyo ya kununua ukiwa na uwezo wa kununua kitu kimoja tu. Mafundi wa elektroniki huitumia kuchora bodi za saketi, kwa hiyo iulizie kwenye maduka yao, Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, wala usihangaike na maduka ya vifaa vya ujenzi. Huja ikiwa maji ya kahawia iliyokolea, au unga na mabonge ya njano. Yale maji ni makali mno kwa kazi yetu: chukua sehemu moja, ongeza maji safi sehemu tatu au nne. Ukipata unga, umimine kidogo kidogo kwenye maji, kamwe si maji juu ya unga, maana huchemka.

Chovya kisu dakika tano hadi kumi, kitoe, futa masizi meusi kwa msasa namba 2000 uliolowa, kirudishe. Raundi ya kwanza utapata kijivu kitupu. Ya pili mistari huanza kujichora, na kama ulikomaza makali peke yake (ulipasha kisha ukapoza ghafla), upande huo utatofautiana kwa rangi na mgongo. Raundi tatu au nne zinatosha. Ukipitisha ukucha na kuhisi vijifereji, acha.

Dawa hiyohiyo hutumika tena na tena ikifungwa vizuri kwenye chombo cha plastiki au kioo. Usiiweke kwenye sufuria ya alumini, itaitoboa. Nguo ikidondokewa, doa halitoki.

2. Kahawa ya papo hapo

Sina maana ya mbadala. Ni msaidizi wa feri kloridi, na kwa bei yake hakuna sababu ya kuikosa. Koroga kahawa ya papo hapo, Africafé inafaa kabisa, nzito kuliko binadamu anavyoweza kuinywa. Iache ipoe, kisha tumbukiza kisu ambacho tayari kimeliwa na kusafishwa, kilale humo usiku kucha. Weusi utaingia kwenye vijifereji. Asubuhi pitisha msasa laini ulioviringishwa kwenye kipande cha mbao bapa: migongo inang'aa, mabonde yanabaki meusi. Peke yake, bila kuliwa kwanza, kahawa hupaka kisu chote weusi mmoja.

3. Siki nyeupe

Kwa aliye mbali na mji. Ipashe iwe vuguvugu, na hesabu saa badala ya dakika. Utapata kijivu cha upole, si kina. Ndimu nayo hufanya kazi ila huacha mabaka. Wajava huosha keris zao (majambia yao ya jadi) kwa ndimu iliyochanganywa na aseniki. Wewe ishia kwenye ndimu.

4. Asidi ya kusafishia vigae

Inakula haraka na kina chake ni kikubwa, lakini mvuke wake huharibu mapafu, na kila kifaa cha chuma kilicho karibu nayo kinaota kutu. Sioni sababu ya kuinunua.

5. Maji ya betri

Achana nayo. Inaunguza macho na ngozi, na matokeo yake kwenye waya ni madoadoa.

Pesa iliyobaki ipeleke kwenye msasa. Kisu kikomazwe kwanza, kisha kisuguliwe hadi namba 600 au 800 kwa kufuata urefu wake, kwa sababu asidi huonyesha kila mkwaruzo. Kisha kifute kwa asetoni na usikiguse tena kwa vidole vitupu. Alama ya kidole hubaki kama kiraka cheupe. Nunua pia glovu za mpira, miwani ya kinga na soda ya kupikia ya kuzimia asidi mwishoni. Usiikosee na soda kali ya kutengenezea sabuni (kostiki), hiyo inaunguza. Ukishazima, suuza, kausha, paka mafuta mara moja.

Na kama waya wenyewe bado hujaununua: epuka uliopakwa zinki, moshi wake ni sumu, na wa chuma kisichoshika kutu, haushikani. Ukikuta katikati kuna kiini cha mkonge, kichomoe, kisha choma grisi yote iishe kabla ya kutia boraksi, unga unaosaidia nyuzi kushikana tanurini.