Podi ndani ya hijabu: mwaka na nusu wa kuzivaa hapa Lamu

Sikio langu la kushoto ni dogo kuliko la kulia. Nimeishi nalo miaka 34 bila kulijua. Hereni hazikuniambia, mama aliyenizaa hakuwahi kuliona, na sonara aliyenitoboa ndewe naye hakusema kitu. Nimekuja kuambiwa na podi, hizi iyafoni ndogo zisizo na waya, nilipoona ya kulia imekaa kimya mahali pake na ya kushoto inadondoka kila nikitafuna mkate wa mofa.

Mimi ni mshona kofia. Kofia ya vito inakula macho na vidole. Ikiwa na kazi nyingi nakaa nayo miezi miwili hata kupita, tundu kwa tundu, na muda wote huo masikio hayana la kufanya. Redio nilikuwa nayo, iko kidakani, lakini nyumba yetu ina watu tisa na kila mtu ana idhaa yake. Nikahamia kwenye iyafoni za waya. Waya na uzi wa kushonea havipatani. Siku niliyokata uzi kwa mkasi nikakata na waya wa sikio la kulia, ndiyo siku niliyokwenda kununua podi.

Nilizonunua mwanzo zilikuwa za kikonyo, plastiki tupu, hazina vipira. Shilingi 1,200 kwenye duka la simu la barabara ya ndani. Ni lile umbo lililoenezwa na AirPods za Apple zilipoingia sokoni Desemba 2016, mwaka uleule iPhone 7 ilipotoka haina tundu la waya. Wakati ule watu walizicheka mitandaoni, wakasema zafanana na vichwa vya miswaki ya umeme. Leo kaa pale gatini baada ya alasiri uhesabu: vijana wa boti wanazo, vijana wa punda wanazo, mmoja huvaa mbili, mwingine huvaa moja na ya pili kampa rafiki yake wasikilize mpira pamoja. Nyingi ni za kuiga, kama zangu, na sioni aibu kusema hivyo.

Zile za kikonyo zilikuwa na raha yake. Haziingii ndani ya tundu la sikio, zinaegemea tu mlangoni, kwa hivyo sikio halijai wala halitoki jasho. Unaweza kuzisahau. Tatizo ni mtandio. Wanaozisifu podi nyingi huwa wamezijaribu kichwa wazi, sikio linapigwa na upepo. Mimi nyumba ina mashemeji, mtandio hautoki kichwani mchana kutwa, na nikitoka ni hijabu iliyobanwa kwa pini chini ya kidevu. Kitambaa kinakikandamiza kile kikonyo kwenye shavu. Saa ya kwanza huhisi kitu. Ikifika adhuhuri pana mstari mwekundu kutoka kwenye ndewe hadi kwenye taya, na ukiugusa unauma.

Na sauti nayo ilikuwa pungufu. Podi isiyoziba tundu huachia mdundo mzito ukatoroka. Kasida nilisikia msomaji vizuri kabisa, waitikiaji nikawasikia, lakini twari limebaki nje ya mlango. Kwa mawaidha na habari hilo halina neno. Kwa kasida ni hasara.

Kisha kuna ule uso wake wa kugusa. Ukigonga mara moja inasimama, mara mbili inapokea simu. Sasa mtu wa hijabu hushika kichwa mara ngapi kwa siku? Kila nikirekebisha pini vidole vinapita juu ya podi, mawaidha yanasimama, yanaendelea, yanasimama. Siku moja nilipokea simu ya mteja wa Mombasa bila kujua, akanisikiliza dakika nzima nikimgombeza mtoto wa dada yangu aliyeingia na viatu juu ya mkeka. Kofia aliinunua, nashukuru, lakini mpaka leo akinipigia huanza kwa kuniuliza hali ya yule mtoto.

Haya yote ni madogo mbele ya suala la salamu.

Podi ikiwa ndani ya hijabu hakuna anayeiona. Kijana wa kiume ukimsalimu asiitike, utaona kitu cheupe sikioni, utasamehe. Mimi naonekana mtu mzima, masikio yote mawili yako huru, na siitiki. Mtaani kwetu kuna ami mmoja, rafiki wa marehemu baba, hukaa barazani kwake tangu alasiri hadi magharibi. Juma moja nilipita mbele yake mara tatu. Mara tatu akanipa masalkheri, mara tatu nikapita kama mwanamfalme. Hakusema na mimi. Alisema na mama: “Yule binti yako siku hizi ana kiburi, au nimemkosea?”

Mama alinyamaza kutwa, ikawa ni zaidi ya kunigombeza. Kesho yake nikaenda kwa ami, nikamwamkia, nikatia mkono ndani ya hijabu nikaitoa podi nikamwekea kiganjani. “Niwie radhi, ami. Nilikuwa na hiki sikioni.”

Akaigeuza huku na huku, akaivalia miwani. “Hiki ndicho kilichokula salamu zangu?”

“Ndicho, ami.”

“Basi kina njaa kweli.” Akanirudishia, akacheka, nami nikapumua. Tangu siku ile nikiwa njiani navaa moja tu, ya kulia. Podi nyingi za sasa huruhusu hivyo: unatoa moja kwenye kasha na nyingine unaiacha imelala, na inafanya kazi peke yake. Na si salamu tu. Vichochoro vyetu ni vyembamba, punda akija na shehena ya mchanga hapana pa kukimbilia ila ukutani. Anayemwongoza hupaza sauti, “Simila! Simila!”, na kama masikio yote mawili yamezibwa utamjua punda akikugusa. Mimi nimemjua hivyo mara moja, na buibui likapasuka mkono mzima.

Zile za kwanza ziliishi miezi saba. Ilikuwa Mokowe, natoka kwenye boti kupanda gatini, mkono mmoja una mzigo, upepo ukaichukua hijabu, kitambaa kikanasa kikonyo. Chubwi! Kati ya gati na boti. Aliyeshika mashine akachungulia majini akasema, “Haya, samaki leo watasikiliza mawaidha.” Nilibaki na ya upande mmoja, nikaulizia kama yauzwa moja moja. Kwa zile za bei yangu haiuzwi, na hata ukiokota ya mwenzio ya aina ileile, lazima zioane upya na kasha ndipo zijuane.

Za pili alinitumia kaka kutoka Mombasa, shilingi 4,500. Hizi ni za kuziba, zina vipira vya silikoni na uwezo wa kupunguza kelele. Nimekuwa nazo miezi kumi. Ndani ya boksi mna vipira vya namna tatu, vidogo, vya kati na vikubwa, na vya kati ndivyo vinavyokuja vimeshavalishwa. Watu wengi niliowauliza hawajawahi kuvibadilisha. Kuna shemeji yangu aliyevitupa pamoja na boksi, kisha akalalamika mwaka mzima kwamba podi zake hazina mdundo. Hazina mdundo kwa kuwa hazikuziba! Kipira kikiwa kidogo kwa sikio lako sauti nzito inavuja. Kikiwa kikubwa kinasukuma kuta za tundu, na baada ya saa moja unahisi kama kuna mtu amekutia kidole.

Mimi ilinichukua wiki mbili kugundua kwamba jibu langu ni kuchanganya: cha kati kulia, kidogo kushoto. Hakuna aliyeniambia kwamba inaruhusiwa. Nilikivalisha kwa hasira usiku mmoja, nikatikisa kichwa kama mwenye kupunga pepo, isitoke. Nikatafuna. Isitoke. Nikacheka peke yangu, bibi akauliza kutoka kitandani kwake, “Wanena na nani, mwanangu?” Yeye ndiye aliyelipa kasha la kuchajia jina la kijaluba, maana alipolisikia linavyofunga, tak!, alikumbuka kijaluba cha mama yake cha tambuu. Nyumbani sasa sote twaliita hivyo.

Raha ya hizi za vipira si ile ya kusahau. Unajua umevaa kitu. Ukitafuna unasikia meno yako kichwani. Ukisoma kwa sauti ni kama uko ndani ya mtungi, kwa sababu sauti inayopita kwenye mifupa yako mwenyewe imezibiwa pa kutokea. Lakini hazina kikonyo, zimekaa bapa ndani ya bakuli la sikio, na hijabu inapita juu yake bila ugomvi. Ule mstari mwekundu sijauona tena. Kitambaa hata chasaidia, chazishikilia zisianguke. Mambo ya kugusa nimeyazima yote kwenye programu yake ya simu, na hilo ningemshauri kila mwenye kuvaa hijabu alifanye kabla hata hajasikiliza kitu.

Boti ndipo nilipoona faida ya zile 4,500. Ngurumo ya mashine ni sauti nzito isiyobadilika, na hiyo ndiyo inayopunguzwa vizuri zaidi na huu ufundi wa kuzima kelele. Maneno ya abiria wanaobishana hayazimiki vile, yanapita. Nilipokuwa na za kikonyo nilikuwa napandisha sauti mpaka mwisho ili nishindane na mashine, nikishuka gatini masikio yanalia kama nzi. Shirika la Afya Duniani husema mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Mimi nasikiliza saa sita kwa siku nikiwa na kofia ya haraka, kwa hivyo nimeanza kuhesabu. Sasa nikiwa botini sauti iko katikati tu, na inatosha.

Tatizo la hizi ni maji, na si bahari peke yake. Nitasema la kwanza ambalo sijaona mtu akilitaja: udhu. Mara tano kwa siku nazitoa, natawadha, napaka masikio maji, naswali, narudi kazini. Miezi miwili ya mwanzo nilizirudisha masikio yakiwa bado mabichi. Joto letu, maji, na kipira kimefunga mlango: sikio lilianza kuwasha mpaka nikawa silali. Hospitalini niliambiwa niliache likauke, nisitie kitu chochote mpaka nipone. Sasa nakausha kwa pindo la leso, nashona kidogo masikio wazi, ndipo navaa. Vipira vyenyewe navivua kila Ijumaa navisafisha kwa sabuni, kwa sababu taka za sikio hujaa kwenye ule wavu na upande mmoja ukaanza kunong’ona.

La pili ni chumvi. Boksi limeandikwa IPX4, maana yake zinastahimili maji ya kurushiwa kutoka pande zote. Kipimo hicho ni cha maji baridi ya kawaida. Mawimbi yanayoruka botini wakati wa kusi hayamo. Maji ya bahari yakikauka yanaacha chumvi kwenye vile vidoti vya shaba vya kuchajia, na mwezi wa nne ya kushoto ikagoma kujaa. Nilipoangalia, vidoti vimeota ukijani kama sufuria ya zamani. Nikavisugua kwa pamba yenye spiriti kidogo, ikarudi. Sasa nikipanda boti zinakaa ndani ya kijaluba, kijaluba ndani ya mfuko wa nailoni, mpaka nipate nafasi ya katikati mbali na ubavu.

Mengine ni mafupi. Simu nikiiacha chini kidakani na mimi niko jikoni juu darini, sauti inakatika. Kuta zetu za mawe hazina mchezo. Watu wanaonipigia husema nasikika kama niko ndani ya debe, kwa sababu maikrofoni imefunikwa na kitambaa, na kwa hilo sijapata dawa ila kufunua hijabu kidogo. Betri waliahidi saa tano, mimi napata nne, na ya kulia sasa inachoka mapema kuliko ya kushoto kwa kuwa ndiyo inayotoka peke yake njiani.

Dada yangu anataka za kwake, nami nilimpeleka dukani juzi. Zile za kikonyo nikazisukuma pembeni. Nikaomba ajaribu za bapa, muuzaji akakataa: si vizuri, kila mtu na taka zake za sikio. Ana haki. Nikamwambia tutarudi Jumamosi, na dada atakuja amevaa hijabu yake ya kila siku, vipira vyangu vilivyobaki boksini nimevifunga kwenye leso, vile vikubwa ambavyo sijawahi kuvitumia. Maana nimemtazama masikio. La kushoto lake ndilo kubwa.